Kijana Mwenye Koti la Kijivu: Mwongozo Kamili wa Kumfuatilia Askari wa Shirikisho la Kusini Kupitia Nyaraka za Familia

Naletewa swali lile lile kila mara, na karibu kila mara limeharibikia mahali pale pale. Mtu ameoa kwenye familia ya kusini mwa Marekani, au anafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani huko Georgia, Tennessee au North Carolina. Siku moja anaonyeshwa picha ya kijana aliyevaa koti la kijivu, sare ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga na kupigana na Kaskazini, yaani Muungano, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865. "Huyu ni babu wa babu yangu, alipigana upande wa Kusini. Hebu nisaidie kumtafuta, wewe unajua mambo ya kompyuta." Anaandika jina mtandaoni, yanatoka majina kumi na saba. Anachagua lililo karibu zaidi. Kuanzia hapo kila anachokipata ni maisha ya mtu mwingine.

Simcheki mtu. Mimi nimezaliwa Tanga, nimeolewa North Carolina, na askari wa kwanza niliyeutafutia ukoo wa mume wangu nilimkosea kwa miezi minane. Nilisimama kwenye mkusanyiko wa ukoo, kuku wa kukaanga mezani, nikasoma habari zake kwa mbwembwe: alivyojiandikisha, alivyojeruhiwa, alivyofia hospitalini Richmond mwaka 1863. Shangazi wa mume wangu aliniacha nimalize, kisha akauliza kwa upole, "Binti yangu, babu yangu alizaliwa 1871. Huyo marehemu wako wa 1863 alimzaaje?"

Kosa langu na la wengi ni moja: tunaanzia jeshini. Askari wa vita hivi anatafutwa nyumbani kwao kwanza, kwa mama yake, ndugu zake na majirani. Jeshini unaingia ukiwa tayari unamjua. Mifano yangu mingi ni ya North Carolina kwa sababu ndiko nilikofukua mafaili. Majimbo mengine ya Kusini yana njia hiyo hiyo, ila tarehe zinatofautiana.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Boksi la familia: Biblia kubwa ya ukoo, barua, hati za ardhi, vyeti, picha. Kila familia ina boksi hili, hata ile inayosema haina.
- Mzee mmoja aliye hai na mwenye subira.
- Daftari moja na penseli. Nyumba nyingi za nyaraka haziruhusu kalamu ya wino ndani ya chumba cha kusomea.
- Simu yenye kamera nzuri.
- Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya nyaraka za koo, ambayo ni ya bure.
- Kadi ya maktaba ya umma. Maktaba nyingi za Marekani hulipia Ancestry au Fold3, tovuti za kulipia zenye picha za nyaraka za koo na za jeshi, nawe unaingia bila kutoa hata senti. Uliza kabla ya kutoa kadi ya benki.
- Ramani ya kaunti za jimbo husika kama zilivyokuwa mwaka 1860, si za leo.

Kipimo cha vinasaba hukihitaji kwa sasa. Mti wa ukoo uliochorwa na mtu usiyemjua ukawekwa mtandaoni pia huuhitaji. Uangalie ukipenda, ila usinakili chochote humo ambacho hakina karatasi nyuma yake.

Kama mzee huyo unamhudumia kikazi, omba ruhusa ya familia yake kabla ya kupiga picha karatasi zake. Usije ukapoteza kazi kwa sababu ya Biblia ya watu.

## Hatua ya 1: Anza na aliye hai, rudi nyuma kizazi kimoja kimoja

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kuliko Kiingereza. Tuna mjukuu, kitukuu, kilembwe, kilembwekeza. Panga majina chini ya maneno hayo, na kati ya kila kizazi na kinachofuata weka karatasi inayoviunganisha: cheti cha kifo, cheti cha ndoa, wosia, au sensa inayowaonyesha nyumba moja.

Sababu yake ni kwamba majina ya Kusini ya karne ya 19 yanarudiarudia mno. John, William, James na Thomas wamejaa kila kijiji, na binamu wawili wanaweza kupewa jina la babu yao mmoja mwaka ule ule. Ndicho kilichonikuta mimi. Jina pekee halithibitishi kitu.

North Carolina ilianza kutoa vyeti vya kifo kwa jimbo zima mwaka 1913. Cheti hutaja wazazi wa marehemu, kwa hiyo mzee aliyefariki 1920 anaweza kukuvusha hadi kwa mama aliyezaliwa kabla ya vita. Tahadhari moja: tazama ni nani aliyetoa taarifa. Kama ni mkwe au jirani, jina la mama wa marehemu huenda alilibahatisha.

Utajua umefaulu ukiwa na mnyororo usiokatika kutoka kwa mtu unayeweza kumpigia simu hadi kwa mwanamume aliyezaliwa kati ya 1825 na 1848 hivi. Kiungo kimoja kikiwa ni "inasemekana," simama hapo ukitafutie karatasi.

## Hatua ya 2: Fungua boksi, na usome mpaka upande wa nyuma

Biblia ya ukoo huwa na kurasa za kuandikia waliozaliwa, waliooana na waliokufa. Usikimbilie kurasa hizo. Kwanza tafuta ukurasa wa mbele uone Biblia ilichapwa mwaka gani. Ikiwa imechapwa 1880 na ndani yake kuna mtoto aliyezaliwa 1846, basi habari hiyo iliandikwa kwa kumbukumbu, miaka zaidi ya thelathini baadaye. Tazama na wino. Wino mmoja na mwandiko mmoja kwa watoto tisa maana yake mtu alikaa siku moja akawaandika wote.

Barua ni hazina, lakini watu husoma maneno wakaacha juu na chini. Mahali ilipoandikiwa, tarehe, na herufi ya kombania, yaani kikosi kidogo, iliyo chini ya sahihi ndivyo vitakavyokupeleka kwenye rejimenti sahihi, yaani kikosi kikubwa chenye kombania kadhaa. Bahasha nayo usiitupe.

Picha za zamani zilizo kwenye kifuko cha ngozi na kioo usizitoe kwa nguvu. Nimeona uso wa kijana ukibanduka pamoja na kioo.

Hadithi za wazee ziandike zote, ila kwenye safu yake peke yake katika daftari. Kila ukoo una kijana aliyekuwa mpiga ngoma wa jeshi, na kila ukoo una mtu aliyeshikana mkono na Jenerali Lee, kamanda maarufu wa Kusini. Baadhi ni kweli. Zisubiri karatasi.

## Hatua ya 3: Msake kwenye sensa, pamoja na majirani zake

Hii ndiyo hatua wanaoshindwa wote wameiruka, kwa hiyo nitakaa nayo.

Sensa ya 1850 ndiyo ya kwanza Marekani kumtaja kila mtu huru kwa jina. Kabla yake aliandikwa mkuu wa kaya tu. Ya 1860 ilihesabu watu kama walivyokuwa tarehe 1 Juni mwaka huo. Ya 1880 ndiyo ya kwanza kusema kila mtu ana uhusiano gani na mkuu wa kaya. Maana yake, katika sensa ya 1860 kijana aliyemo ndani ya nyumba anaweza kuwa mtoto, mpwa, au kibarua wa shamba. Usiandike "mtoto wa" mpaka upate ushahidi wa pili.

Kwa kijana wako, fanya hivi:

Mtafute 1860 akiwa nyumbani. Nakili kaya nzima, kila jina na kila umri. Kisha nakili nyumba kumi za juu yake na kumi za chini yake katika orodha ile ile. Najua inachosha. Karani wa sensa alikwenda nyumba kwa nyumba, kwa hiyo majina yaliyo karibu kwenye karatasi ndiyo waliokuwa karibu shambani, kanisani na kwenye kinu. Kombania za jeshi la Kusini ziliundwa hivyo hivyo, kaunti kwa kaunti, vijana wa njia moja wakienda pamoja. Wale majirani ishirini ndio mashahidi wako wa baadaye.

Kisha mtafute 1870, 1880, 1900 na 1910. Ya 1890 usihangaike nayo. Karibu yote iliharibika kutokana na moto wa 1921. Ya 1900 inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Ya 1910 ina zawadi iliyojificha: safu ya 30, karibu na mwisho kulia, inauliza kama mtu ni mkongwe wa vita hivyo. Herufi C.A. ni jeshi la nchi kavu la Kusini, C.N. ni jeshi lake la majini, U.A. na U.N. ni upande wa Muungano. Nimewahi kupata jibu la swali la mwaka mzima kwa herufi mbili hizo.

Sasa tahadhari mbili.

Ya kwanza ni mipaka. Kaunti zilikuwa zikigawanywa. Kaunti ya Durham ilizaliwa 1881 kutokana na Orange na Wake. Familia inayosema "sisi ni watu wa Durham tangu zamani" utaikosa kabisa mwaka 1860 usipofungua Orange. Alamance nayo ilitoka Orange mwaka 1849. Ndiyo maana nilikutaka uwe na ramani ya zamani.

Ya pili ni tahajia. Karani aliandika alichosikia. Klein wa asili ya Kijerumani akawa Cline, na siku nyingine Kline. Tamka jina kwa sauti, uandike kila namna linavyoweza kuandikwa na mtu asiyelijua, kisha utafute zote. Mkwamo mkubwa ukitokea, acha jina la ukoo kabisa. Tafuta kwa jina la kwanza, umri, na jina la mama ndani ya kaunti moja.

Utajua umefaulu ukiwa na kijana mmoja ndani ya kaya moja, ndugu zake kwa majina, majirani ishirini, na umri usiopishana zaidi ya mwaka mmoja au miwili kati ya sensa na sensa.

## Hatua ya 4: Ukurasa ambao familia huufunika

Sensa za 1850 na 1860 zilikuwa na orodha nyingine pembeni: orodha ya watumwa. Humo lipo jina la mwenye kumiliki, na chini yake mistari ya watu wasio na majina. Umri, jinsia, rangi ya ngozi, basi. Mwanamke, 34. Mvulana, 9. Msichana, 2.

Ifungue. Tafuta jina la baba wa kijana, la mama yake kama ni mjane, na la babu zake pande zote mbili. Familia nyingi za Kusini hazikumiliki mtu, na nyingi zilimiliki. Hutajua bila kutazama. Hata kama kwao hakuna kitu, jirani alimokuwa akifanya kibarua huenda anamo.

Kwanza, bila ukurasa huu hujui kijana yule alikuwa akiamka katika nyumba ya namna gani. Halafu kuna watu wa upande wa pili. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina watu weusi wote wa Kusini, na vizazi vyao leo wanatafuta hasa hati zilizo ndani ya boksi la familia yenu: wosia unaogawa watu kwa majina, hati ya mauzo, barua inayomtaja mpishi. Mwaka 1866 sheria ya North Carolina iliwataka wanandoa waliokuwa watumwa waandikishe ndoa zao kaunti, na vitabu vya kaunti kadhaa bado vipo. Wosia wa babu wa kijana ukiusoma pamoja na kitabu hicho, ule mstari wa "mwanamke, 34" huweza kupata jina.

Mimi mtu akinipa kazi hii, namwambia mapema kwamba ukurasa huu nitaufungua na nitaunakili. Wawili walikataa, nami sikuendelea nao.

Utajua umefaulu ukiwa umeandika jibu katika daftari, hata kama jibu ni "hakuna aliyeandikwa kwa jina la mtu wa kaya hii, kaunti ya Orange, 1860."

## Hatua ya 5: Pima umri wake dhidi ya sheria

Kabla hujagusa jeshi, jiulize kijana huyu angeweza kuwa askari lini.

Sheria ya kuandikisha watu kwa lazima ya tarehe 16 Aprili 1862 ilichukua wanaume weupe wa miaka 18 hadi 35. Septemba mwaka huo kikomo kikapanda hadi 45. Tarehe 17 Februari 1864 ikawa 17 hadi 50, na wale wa 17 wakawekwa kwenye vikosi vya akiba ndani ya majimbo yao. North Carolina iliwaita hao Junior Reserves, vijana wa akiba.

Fanya hesabu. Aliyeandikwa miaka 13 tarehe 1 Juni 1860 alitimiza 17 kati ya Juni 1863 na Mei 1864. Huyo mtafute kwanza kwenye vikosi vya akiba vya 1864. Ukimpata mwenye jina lake aliyejiandikisha Mei 1861, kuna mambo mawili: alidanganya umri, jambo lililotokea, au huyo ni binamu yake mkubwa. Wangu alikuwa binamu. Dalili zote zilikuwepo mbele yangu, na hesabu ya darasa la tatu ingeniokoa na aibu.

## Hatua ya 6: Sasa ingia jeshini

Hifadhidata ya askari ya Idara ya Hifadhi za Taifa za Marekani ina majina yapatayo milioni 6.3, nayo ni ya bure. Itumie kupata orodha ya washukiwa tu. Mtu mmoja anaweza kuwemo mara tatu kwa tahajia tatu, na watu watatu wanaweza kuonekana kama mmoja.

Hati yenyewe ni jalada la utumishi. Mtandaoni utaliona kwa jina la Compiled Military Service Records, kwa kifupi CMSR. Asili zake zipo Nyaraka za Taifa Washington, katika kundi namba 109. Picha zake zipo Fold3, au unaziagiza kwa fomu ya NATF 86. Mwanzoni mwa karne ya 20 makarani wa Wizara ya Vita walipitia orodha za vikosi, hesabu za mishahara, vitabu vya hospitali na vya magereza, na kila jina walipoliona wakaandika kadi. Kadi za mtu mmoja zikatiwa bahasha moja. Kwa hiyo unachosoma ni nakala ya karani wa baadaye, na karani huyo naye aliweza kuchanganya watu wawili.

### Mtihani wa majirani

Chukua kila mshukiwa, tazama kombania yake iliundwa kaunti gani. Kisha fungua orodha ya majina ya kombania hiyo, uiweke pembeni ya wale majirani ishirini wa 1860. Ukiwaona watano sita humo, pamoja na kaka yake au shemeji yake, umefika. Usipomwona hata mmoja, funga bahasha hiyo hata kama jina linalingana herufi kwa herufi.

Hapo pana mtego wa namba. Mwishoni mwa 1861 rejimenti za kujitolea za North Carolina zilibadilishwa namba kwa kuongezewa kumi: ya 4 ya kujitolea ikawa ya 14. Barua ya Julai 1861 na kadi ya 1862 zinaweza kutaja namba tofauti kwa mtu yule yule katika kombania ile ile. Vijana wa akiba nao, rejimenti zao tatu za kwanza huitwa pia za 70, 71 na 72.

### Kusoma kadi

Kadi ya orodha husema alipojiandikisha, tarehe, kwa muda gani, alilipwa mara ya mwisho lini, na kama siku hiyo alikuwepo au hakuwepo. Zipange kwa tarehe, sakafuni ikibidi. Pengo la miezi minne kati ya kadi na kadi ndilo linalokuambia pa kutafuta: hospitali, gereza, au nyumbani.

Kadi za hospitali zina Kilatini kilichofupishwa. V.S. ni jeraha la risasi. Rubeola ni surua, na usiidharau. Vijana wa mashambani ambao hawakuwahi kuishi kwenye msongamano wa watu waliugua surua kambini katika miezi ya mwanzo, na wengi hawakurudi.

Neno la kutoroka linaumiza familia kuliko jeraha. Likitokea, soma kadi inayofuata kabla hujamwambia mtu. Wengine walikwenda kuvuna wakarudi. Wengine walikuwa hospitali ya mbali na kombania haikuarifiwa. Na wengine walitoroka kweli, wakaishi, ndiyo maana familia ipo.

Kadi ninayoipenda kuliko zote ni ya kiapo cha utii kwa serikali ya Marekani. Mateka walioachiwa mwaka 1865 waliandikiwa kimo, rangi ya nywele na ya macho, na mahali wanapoishi. Makazi hayo yalinganishe na kaunti yako. Macho na nywele mpe mzee, atakaa kimya kidogo.

Utajua umefaulu ukiwa na bahasha moja ambayo umri, kaunti na majirani vyote vinakubaliana. Usivunjike moyo ikiwa nyembamba. Kijana wa akiba wa 1864 huweza kuwa na kadi mbili tu.

## Hatua ya 7: Akipotea, nenda magerezani

Kadi zikikatika ghafla baada ya pigano, mtafute upande wa Muungano. Kumbukumbu za mateka wa Kusini zimo kwenye mikrofilamu M598, na daftari la waliofia magereza na hospitali za Kaskazini ni M918. Zote zipo mtandaoni. Kambi utakazokutana nazo mara kwa mara ni Point Lookout huko Maryland, Elmira jimboni New York, Camp Douglas Chicago, na Fort Delaware. Kisiwa cha Johnson, ndani ya Ziwa Erie, kilikuwa hasa cha maofisa.

Kama alifia Elmira, una bahati ya ajabu katika msiba. Mzishi wa makaburi ya Woodlawn alikuwa John W. Jones, mtu mweusi aliyetoroka utumwa Virginia mwaka 1844. Alizika karibu askari 3,000 wa Kusini, na karibu kila mmoja alimwandika jina, kikosi na mahali alipolazwa, kwa uangalifu ambao hakuna jeshi lililomtaka awe nao. Ndiyo sababu pale karibu kila kaburi lina jina.

Ukiona kadi ya gereza inasema alijiunga na jeshi la Marekani, usidhani karani amekosea. Kulikuwa na rejimenti sita za watu wa namna hiyo, zilizopelekwa mipakani magharibi. Kuanzia hapo faili lake limehamia kwenye kumbukumbu za Muungano, na hata pensheni yake huenda ni ya serikali kuu.

## Hatua ya 8: Pensheni, ambako wajane husema kweli

Serikali kuu haikuwalipa askari wa Kusini pensheni kwa kupigania Kusini. Yalilipa majimbo. North Carolina ilianza 1885 kwa walemavu na wajane, ikapanua mwaka 1901. Texas ilianza 1899, Oklahoma 1915.

Watu wanakosea hapa kwa namna moja: wanatafuta jimbo alilopigania. Pensheni iliombwa pale mtu alipokuwa akiishi uzeeni. Kijana wa North Carolina aliyehamia Texas baada ya vita faili lake lipo Austin, mji mkuu wa Texas. Sensa ya 1900 na ya 1910 ndizo zitakazokuonyesha mlango.

Ndani ya faili utakuta fomu, daktari anayeeleza kovu, na mashahidi wawili au watatu. Soma majina ya mashahidi. Mara nyingi ni wale wale majirani wa 1860, sasa wazee wenye mvi, wakiapa kwamba walikuwa naye.

Faili la mjane ni bora zaidi, kwa sababu ilimlazimu athibitishe ndoa. Humo ndimo nimekuta kurasa zilizokatwa kwenye Biblia, zile ambazo familia ilikuwa ikiulizana zimekwenda wapi.

Tahadhari: mzee wa miaka 75 anayehitaji pesa anakumbuka vita kwa namna inayomfaa. Tarehe zake zipime kwa kadi. Na ukikuta katika faili za Mississippi au Tennessee mtu mweusi anayelipwa pensheni, soma fomu yake vizuri kabla hujaandika kwamba alikuwa askari. Majimbo kadhaa yalikuwa na fomu maalumu za watumishi, yaani watu waliopelekwa vitani na mabwana zao kupika, kufua na kuchunga farasi.

## Hatua ya 9: Kaburi, na ukurasa mmoja

Jiwe lenye ncha iliyochongoka juu ndilo serikali hutoa kwa askari wa Kusini. Mengi yaliwekwa miaka mingi baada ya mazishi, kwa maombi ya ndugu au vyama. Aliyeomba kama alikosea rejimenti, jiwe nalo limekosea, tena kwa marumaru. Lihesabu kama hadithi nyingine ya ukoo mpaka kadi ziliunge mkono.

Baada ya hapo andika ukurasa mmoja tu. Kila sentensi iwe na karatasi yake, namba ikionyesha ipo wapi katika boksi au katika hifadhi. Visivyothibitishwa viweke chini, kwenye sehemu yake, kwa maneno yale yale aliyoyasema mzee. Mpe mtu mwingine asiyejua lolote asome na ajaribu kufika ulipofika kwa kufuata namba zako.

Ukurasa wangu wa pili nilimpelekea shangazi nyumbani kwake, bila mkutano. Kijana wa kweli alikuwa na kadi mbili: kuandikishwa kwenye vikosi vya akiba kaunti ya Orange mwaka 1864, na kuachiwa kwa kiapo Greensboro Mei 1865. Hakuna jeraha, hakuna Lee. Shangazi alisoma mpaka chini, akarudi kwenye mistari ya hatua ya nne niliyokuwa nimeinakili, akaweka kidole kwenye msichana wa miaka 2. "Huyu," akasema, "tunaanzia wapi kumtafuta?" Nikamfungulia kitabu cha ndoa cha 1866.